Mapigo Matatu kwenye Barabara ya Luano

Habari hii haikutoka mbali. Garage ya Papa Chola na uwanja wangu zinagawana ukuta mmoja, kule Bel-Air, ndani ya Kampemba, na mengi niliyaona kwa macho yangu. Yale ambayo sikuyaona alinisimulia yeye mwenyewe, baada ya kukosa sababu ya kuendelea kuficha. Asiyetaka kuamini aje Kampemba, nitamwonyesha ile gari, aiguse kwa mkono wake.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa saba. Baridi ya asubuhi ilikuwa imetubana, kila nyumba imetoa mbabula, lile jiko la makaa, mlangoni, moshi wake umejaa avenue nzima. Papa Chola alikuwa amekaa juu ya pneu, tairi kuukuu, ana kikombe cha chai na kipande cha mkate, anawaza mambo yake. Akasikia gari kabla hajaiona. Sauti nzito, ya kuvuma, iliyokuwa inapungua kadiri gari ilivyopunguza mwendo. Akaacha kutafuna.

Iliyoingia ni Hiace nyeupe ya zamani, ile ya Mama Victorine, présidente wa wamama wa parokia. Usukani ulikuwa kwa Jean-Claude, mtoto wa ndugu yake, kijana mwenye adabu na dereva mzuri tu, ila simu yake na sikio lake havikuwa vikiachana. Mama Victorine akashuka akijifunga vizuri kitenge chake mabegani.

"Papa Chola, gari yangu inalia. Inalia kule nyuma. Na samedi, siku ine tu toka leo, tunapeleka bamama ku misheni, njia ya Kasenga, ya kupitia Luano. Bamama kumi na sita. Bibi yako Gracia naye eko mu liste."

"Minajua, Mama. Aliniambia."

"Basi angalia muzuri. Sitaki unirudishie gari, kisha kesho unasema eti ulizania."

Chola akatabasamu kidogo, akamgeukia Jean-Claude. Ana maswali yake matatu, na hajawahi kuyabadilisha tangu nimjue.

"Ukitoa mguu ku gaz, inanyamaza?"

"Hapana, Papa. Inaendelea."

"Ukitoa vitesse, gari ikienda yenyewe bila gia, inanyamaza?"

"Inaendelea tu vile vile."

"Ukikata kwenda kuume?"

Jean-Claude akafikiri. "Pale njo inalia zaidi."

Kwa fundi, majibu hayo yametosha. Kelele inayofuata mwendo wa gari na kudharau injini inatoka kwenye magurudumu. Na gari ikikata kuume, uzito wote unalalia kushoto, basi kinacholia ni kilichobanwa. Chola alikuwa karibu na hakika kwamba ni roulement ya nyuma kushoto, ile pete ya chuma yenye vigololi ndani inayoliachia gurudumu lizunguke. Lakini karibu na hakika si hakika. Sauti ya roulement inatembea ndani ya bodi yote ya gari, na aliyeshika usukani anaweza kuapa ni kushoto kumbe ni kuume. Kazi hiyo inataka watu wawili, na Chola alikuwa amebaki mmoja.

Wa pili alikuwa Liévin.

Kwa miaka ishirini Liévin ndiye aliyekaa nyuma. Alikuwa na kiti chake kifupi na fimbo ya mti wa mukula, mwekundu, mkavu kama mfupa. Ncha moja aliiweka kwenye sakafu ya gari, nyingine sikioni, akafumba macho. Kwa kuwa ndani ya gari la kelele watu hawasikilizani, aliongea kwa fimbo. Pigo moja kwenye bati: kushoto. Mawili: kuume. Matatu: simama hapa hapa, usiende hata metre moja. Sisi majirani tulikuwa tunamtania kwamba hata mke wake anamwamsha kwa kugonga. Hakuwa mtu wa pombe, hakuwa mtu wa maneno mengi, na usafi wake wa kazi ulichosha wenzake. Akifungua gurudumu, zile nati alikuwa anazipanga kwa mviringo ndani ya sahani ya bati ya buluu, moja moja, hata moja isiguse udongo.

Mwezi wa kumi na moja wa mwaka uliotangulia, walikuwa wanajaribu camionnette ya mteja, kigari cha mizigo, kwenye barabara ya Luano, mbele ya uwanja wa ndege, pale lami ilipo nyororo. Gurudumu la nyuma likatoka. Camionnette ikapinduka. Chola alitoka na jino lililovunjika, Liévin hakutoka. Walimzika na ile fimbo yake ndani ya sanduku, na sahani ya buluu mjane wake, Mama Marceline, akaenda nayo nyumbani.

Kwenye matanga Marceline alimuuliza Chola swali moja tu.

"Alipiga?"

"Hapana, Mama," Chola akajibu. "Hakupiga."

Alikuwa amepiga. Mara tatu, wazi kabisa. Chola alikuwa kwenye usukani na simu sikioni, anapatana na mteja mwingine, na akasikia vizuri. Akajibu bila kugeuka, "Ngoja kidogo." Akamaliza maneno yake. Hayo maneno hayakuchukua hata nusu dakika.

Basi jibu lile la uongo likafanya kazi yake mitaani. Kama Liévin hakupiga, ina maana alikuwa amelala. Kama alikuwa amelala, ina maana alikuwa amelewa. Watu waliokula kwenye meza yake wakaanza kusema hivyo, na Marceline, aliyekuwa anaimba mstari wa mbele, akahamia benchi ya nyuma kanisani. Chola aliona yote hayo na yalimuuma, hilo nalikubali. Lakini aliogopa. Kwetu, mtu akisikia mwenzake anaomba gari isimame na akaendelea, hawasemi amekosea. Wanasema amemuuza, ili garage yake iende mbele. Wangemwita mulozi, mchawi, na hakuna anayepeleka gari yake kwa mulozi.

Jumanne hiyo, saa nne, akaichukua Hiace peke yake mpaka barabara ya Luano. Jua limewaka, watu wamejaa njiani na baiskeli zao za magunia ya makaa. Akafika kilometa sitini kwa saa, mvumo ukajaa gari nzima. Akakata kuume kidogo, ukaongezeka. Akakata kushoto, ukapungua. Na hapo kinywa chake kikafanya kile kilichozoea kufanya kwa miaka ishirini, kabla yeye hajakizuia.

"Liévin, sikiliza huko nyuma."

Pigo moja.

Kavu. Mti juu ya bati.

Akaangalia kioo. Viti vitupu, vumbi linaelea kwenye mwanga. Akajiambia ni jiwe limeruka chini ya gari, akarudi garage taratibu, na njia nzima hakusema neno lingine.

Pale garage akainua gari kwa kriki, akasukumia gogo chini kwa usalama, akazungusha gurudumu la kushoto kwa mkono mmoja huku mkono mwingine umeshika lame za springi, yale mabamba ya chuma yanayobeba gari. Alihisi mchanga unasagika ndani. Alipofungua, roulement ilikuwa imekauka, vigololi vimeliwa. Kushoto kweli. Kesho yake akapeleka ekseli kwa jamaa wa presse, ile mashine ya kusukuma vyuma, wakatoa ile ya zamani na kukandamiza mpya, na kufika saa tisa gari ilikuwa inatembea bila kulia. Alipaswa kufurahi.

Lakini Jumatano hiyo, alipoijaribu tena, hakusema kitu, wala hakuita jina. Mapigo mawili yakaja yenyewe.

Akasimama pembeni. Akashuka, akaweka kiganja kwenye kitovu cha gurudumu la kuume. Ndivyo mafundi wanavyopima: roulement inayokufa inatoa joto, na mkono unalijua kabla ya sikio. Lilikuwa baridi. Hata hivyo akaenda kulifungua. Akakuta ufa mwembamba kama unywele kwenye pete ya ndani, ufa ambao usingelia kabla ya mwezi mmoja au miwili. Hakuna sikio la mtu aliye hai ambalo lingeusikia.

Sasa nitasema jambo ambalo Chola aliniambia kwa aibu. Siku hiyo hakuogopa tu. Alifurahi pia. Alisema ilikuwa kama kazi yao imerudi. Alibadilisha roulement ya kuume, akaenda kwenye kardani, ule mti wa chuma unaopeleka nguvu nyuma, akabadilisha msalaba wake uliokuwa umelegea, na muda wote alikuwa anaongea polepole chini ya gari, na mimi upande huu wa ukuta nilidhani ana mteja. Nikamuuliza baadaye alikuwa anaongea na nani. Akaniambia, "Na kazi."

Alhamisi jioni, jua bado lipo, alirudi nyuma hatua kumi kuiangalia Hiace ikiwa imesimama tupu. Aliona imelala upande wa kushoto. Kidogo tu, ila fundi anaona. Akapima kwa vidole nafasi iliyo kati ya pneu na bodi. Kuume, vidole vitano. Kushoto, vinne. Akaihamisha, akaiweka penye sakafu ya saruji, akapima tena. Vitano na vinne. Lame zilikuwa nzima zote, hata moja haijavunjika. Gari ilikuwa imekaa vile inavyokaa mtu mzima anapokuwa juu ya gurudumu la nyuma kushoto.

Hapo ile furaha ikamtoka.

Ijumaa asubuhi alifunga kila kitu upya. Nati sita kwenye kila gurudumu, zile ambazo mafundi wetu wanaita boulon. Alimwita Jean-Claude asimame kwa miguu yote miwili juu ya bomba la kukazia, lile linalorefusha mpini wa ufunguo, ili pasiwe na shaka. Kisha akatoka peke yake kwenda Luano. Gari ilikuwa kimya kabisa. Hakuna mvumo, hakuna mlio, hata akikata huku na huku.

Alipokaribia msalaba mdogo wa mti, ule ambao Marceline aliuweka pembeni ya lami mwezi wa kumi na moja, mapigo yakaja.

Matatu.

Alisimama. Akashuka, akashika kila kitovu kwa kiganja. Baridi. Akaingia chini ya gari, akatikisa kardani. Imara. Akakaza nati zote. Hazikusogea. Akageuza gari, akarudi nyuma kilometa mbili, akaja tena.

Matatu.

Akashuka tena. Akaangalia yote tena. Hakuna kitu.

Mara ya tatu alikuwa amechoka, jasho linamtoka kwenye baridi ile, na alitaka tu kufika nyumbani. Mapigo yalipokuja hakukanyaga breki. Akasema, bila kufikiri:

"Ngoja kidogo."

Msalaba ukapita dirishani.

Kisha akasikia fimbo inaburutwa. Polepole. Kutoka nyuma kabisa, juu ya bati, kuja mbele. Ikapita viti vya kwanza. Ikapita viti vya pili. Ikafika nyuma yake. Na kwenye mgongo wa kiti alichokalia yakaja mapigo matatu, akayasikia kwenye mifupa yake.

Hajui alisimamishaje gari. Alijikuta ameketi kwenye majani ya pembeni, baiskeli zinampita, mzee mmoja anamuuliza kama ni mgonjwa.

Jioni hiyo Mama Victorine alikuja na Gracia, mke wa Chola, wanacheka, wana mabeseni ya chakula cha safari. Nilikuwa mlangoni kwangu, nilisikia yote.

"Papa Chola, iko tayari?"

Chola akaendelea kufuta ufunguo uliokuwa tayari safi, mpaka Gracia akamwangalia. Fikiria hali yake. Akisema hapana, wataulizana kwa nini, maana gari hailii. Akisema amesikia mapigo matatu, watamuuliza amejuaje kwamba ni Liévin, na Liévin anamtaka nini yeye. Swali moja linavuta lingine, mpaka lile la matanga. Kinywa chake kilikuwa kinatafuta njia ndogo kati ya vitu viwili, na njia hiyo haikuwepo.

"Iko tayari, Mama," akasema. "Lakini miye pia nitaenda. Nitaikala kule nyuma, nisikie."

"Ni muzuri," Mama Victorine akasema. "Fundi mu gari, tutalala usingizi."

Jumamosi saa mbili asubuhi wakaondoka. Chola akakaa nyuma kushoto, juu ya kiti kifupi, juu ya gurudumu, na mpini wa fagio mkononi badala ya fimbo. Kwenye benchi iliyo mbele yake, Mama Marceline alikuwa ameketi peke yake karibu na dirisha. Tangu matanga hawakuwahi kukaa karibu namna hiyo. Alimsalimia kwa heshima, "Jambo, Papa Chola," na akageukia dirisha.

Wamama wakaanza kuimba. Wakapita Luano, ndege moja imesimama mbali nyuma ya uzio. Lami ikawa nyororo. Chola akaweka ncha moja ya mpini kwenye sakafu, nyingine sikioni, akafumba macho kama alivyokuwa anafanya mwenzake.

Alitegemea kusikia chuma.

Akasikia mtu anaongea.

Mbali, ndani ya mti. Sauti ya mwanaume anayepatana bei na kucheka. Aliijua. Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Kisha ile sauti ikasema, karibu kabisa na ngozi ya sikio lake, "Ngoja kidogo."

Akatoa sikio. Na sasa, bila mpini, chini ya miguu yake kweli, gurudumu likaanza kusema. Tok. Tok. Tok. Nati zilizolegea. Fundi haikosei sauti hiyo.

Akapiga sakafu mara tatu kwa nguvu.

Mbele, Jean-Claude alikuwa na simu sikioni. Wamama walikuwa kwenye kiitikio. Alisikia kitu, maana aliinua mkono mmoja bila kugeuka.

"Ngoja kidogo, Papa."

Chola akapiga tena. Mpini ukavunjika. Alitaka kupiga kelele na sauti haikutoka. Aliona shingo ya Gracia, mstari wa tatu, inayumba na wimbo. Aliona dirishani ule msalaba mdogo wa mti, bado uko mbali kidogo, unakuja.

Marceline akageuka. Uso wake ulikuwa umebadilika. Kwake nyumbani hakuna asiyejua maana ya mapigo matatu.

"Papa Chola," akanong'ona. "Ni weye umepiga?"

"Ni miye."

Na hapo yakapigwa tena. Matatu. Mti mkavu juu ya bati. Vipande vya mpini vilikuwa chini, mikono ya Chola yote miwili ilikuwa juu ya magoti yake, na Marceline alikuwa anaiangalia. Aliinua macho taratibu mpaka usoni kwake.

"Ile siku," akasema, "alipiga?"

Tok, tok, tok, tok, chini.

Kilichotoka kwa Chola hakikuwa jibu la kunong'ona. Wanawake waliokuwepo wanasema hawajawahi kusikia mwanaume anatoa sauti ile.

"Alipiga. Alipiga mara tatu. Nilisikia. Nilimwambia angoje!"

Wimbo ukakatika katikati. Simu ikamponyoka Jean-Claude, na mguu wake ukaenda kwenye breki wenyewe. Hiace ikayumba, ikainama upande wa kushoto, ikakwaruza, ikasimama. Pua yake ilikuwa hatua nne kutoka kwenye msalaba.

Walishuka mmoja mmoja, wameshikana mikono. Chola alipiga magoti kwenye vumbi mbele ya gurudumu la nyuma kushoto. Lilikuwa limelegea, limelala nje. Nati tano hazikuwepo. Zile ambazo Jean-Claude alizikaza kwa miguu miwili hazikuwepo, na njia nzima nyuma yao, walipoitafuta, hawakuona hata moja. Gurudumu zima, na gari, na wamama kumi na sita, walikuwa wameshikwa na ile ya sita.

Akaweka ufunguo juu yake ili aijaribu. Haikusogea hata kidogo.

Alifanya kile ambacho kila fundi angefanya. Akatoa nati moja kwenye kila gurudumu kati ya yale mengine matatu, akazifunga pale, wakarudi mjini mwendo wa kutembea. Hakuna aliyeimba. Gracia alikaa benchi ya mbele na hakugeuza kichwa nyuma mpaka wamefika nyumbani.

Jumapili asubuhi, kabla ya misa, Mama Marceline alikuja garage. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisa na amebeba kitu kilichofunikwa kwa kitambaa cheupe. Chola alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, nadhani hakulala. Mimi nilikuwa pale, nilikuwa nimempelekea chai.

Marceline akaweka mzigo wake juu ya meza ya kazi, akaondoa kitambaa. Ilikuwa ile sahani ya buluu. Ndani yake, zimepangwa kwa mviringo, hazigusani, zilikuwa nati tano zenye girisi mbichi. Mviringo ulikuwa na nafasi ya nati ya sita, nayo haikuwepo.

"Ilikuwa mu kabati," akasema. "Kabati ya kufunga na ufunguo, na ufunguo iko mu shingo yangu. Toka matanga sikuifungua."

Chola akazihesabu kwa macho. "Mama Marceline, njo alitaka kutuua?"

Alifikiri, kweli alifikiri, kama mtu anayejibu kuhusu mume aliyeishi naye.

"Tano alitoa," akasema. "Moya alishika."

Akaenda pale ilipo Hiace, akainama, akaweka kiganja chake juu ya ile nati ya sita. Akabaki hivyo muda mrefu. Alipoinuka machozi yalikuwa yanamtiririka, ila sauti yake ilikuwa imara.

"Sasa tutaenda ku misa. Utasimama mbele ya bantu bote na utasema vile ulisema mu gari."

"Nitasema, Mama. Wacha kwanza ninawe..."

"Hapana. Sasa."

Akaenda na mikono yake michafu ya girisi. Akasema yote. Wako waliomwita mulozi, na wateja wengi walimkimbia, na Gracia alikaa kwa dada yake miezi miwili. Marceline alirudi kuimba mstari wa mbele.

Mama Victorine hakutaka tena kuiona ile gari, basi iko pale pale, kwenye uwanja wa Chola, imekaa sawa: vidole vitano kuume, vidole vitano kushoto. Mafundi watatu wamejaribu kufungua nati ile, mmoja alikuja na bomba la metre mbili, likapinda. Chola mwenyewe hajaribu. Yeye kila asubuhi anapita tu, anaweka mkono. Nami nimeweka wangu, mwezi wa saba huu tulio nao, saa kumi na mbili, umande umeganda kwenye vioo na chuma chote cha gari kinauma vidole kwa baridi. Zile nati tatu za kuazimwa zilikuwa baridi.

Ile ya sita ilikuwa na joto, kiasi cha joto la mkono wa mtu.